Mzigo wa Mama Évode

Kila Jumamosi saa nane mchana sebule ya Elieshi pale Tensta ilijaa wanawake, na kila mmoja alikijua kiti chake. Wamaitha, Mkenya anayeuguza wazee na kuishi Hagsätra, upande wa pili kabisa wa jiji, alikaa karibu na dirisha kwa sababu ya presha. Olivia wa Kampala alikaa chini kwenye zulia, miguu kainyoosha, bakuli la karanga mapajani. Waliobaki walibanana kwenye kochi. Elieshi mwenyewe hakukaa. Alisimama pembeni ya televisheni kama mwalimu pembeni ya ubao, rimoti mkononi, maana yeye ndiye aliyekuwa kazini.

Kazi yenyewe ilikuwa kutafsiri. Tamthilia ilikuwa ya Kihispania, na maandishi ya Kiswidi yaliyopita chini ya picha yalikimbia mno. Olivia alisema kabla hujamaliza kusoma neno la kwanza, mtu ameshauawa na kuzikwa. Elieshi aliishia darasa la saba huko Mwanga, na hata yeye hakuyawahi maandishi yale. Lakini Kihispania alikuwa nacho masikioni. Miaka kumi na moja, kabla hajapata kazi ya jikoni kwenye nyumba ya wazee, alisafisha mabehewa ya treni pamoja na mama mmoja wa Chile aitwaye Ximena, ambaye hakuweza kushika fagio bila kuongea. Ximena alimfundisha kwanza matusi, halafu sala, na yaliyobaki yakajijaza yenyewe katikati.

Basi Elieshi alisikiliza, akameza, akatoa kwa Kiswahili, na kila alichotoa alikitia chumvi yake. Tamthilia ilimhusu Eulalia, msusi wa mji wa bandari aliyeanza kwa kubeba pakiti moja ya unga ndani ya kopo la mafuta ya nywele. Kufikia sehemu ya arobaini alikuwa na meli tatu, hakimu wake mwenyewe, na nyusi ambazo hazikutota jasho hata alipokuwa anafukuzwa na helikopta. Elieshi hakumpenda tangu siku ya kwanza. "Anasema anampenda yule bwana," alitafsiri. "Mwongo. Anapenda ghala lake." Wanawake walicheka mpaka wakashika mbavu. Walidhani ni uchekeshaji. Elieshi alikuwa na hasira kweli.

Jumamosi moja ya mwezi wa pili, hasira hiyo ilimzidi. Katika sehemu ya siku ile, polisi walikuwa wameikaba bandari, na Eulalia alikuwa na mzigo uliotakiwa kufika upande wa pili wa mji. Akamtafuta msichana muuza maua, wa miaka kumi na sita. Akamshika kidevu, akampa begi. "Anamwambia," Elieshi akatafsiri, na sauti yake ilikuwa imeshabadilika, "mwanangu, wewe una uso ambao hakuna atakayeutilia shaka." Msichana akaenda. Kwenye stendi ya mabasi mbwa wa polisi wakalisogelea begi, akakimbia, akapigwa risasi kwenye ngazi. Kamera haikubaki naye hata kwa pumzi moja. Ilirudi kwa Eulalia, kwenye roshani, ndani ya gauni jeupe, chozi moja likimtiririka taratibu bila kuharibu vipodozi, na vinanda vikapanda juu.

Sebuleni watu wakaguna kwa huruma. Wamaitha alijifuta jicho kwa ncha ya leso. "Maskini Eulalia," alisema. "Usingizi hataupata tena."

Elieshi akaacha kutafsiri. Eulalia aliendelea kulia kwa Kihispania na hakuna aliyeelewa analia nini. Kisha Elieshi akauliza yule msichana aliitwa nani. Wakatazamana. Wiki mbili walikuwa wanamwona na maua yake, lakini hakuna aliyekumbuka kama aliwahi kupewa jina.

"Hana jina," Elieshi alisema. "Ana miaka kumi na sita, ana mama mahali fulani, na hawakumpa hata jina. Na nyie mmekaa kwenye kochi langu mnamlilia aliyemtuma."

"Mama Daphne, ni sinema," Wamaitha akamwambia. "Aliyemuua ni mwandishi, si Eulalia. Si uendelee tu."

"Siendelei."

Akazima televisheni. Olivia alitazama bakuli lake, akasema, "Nnyabo, mama wee, hata karanga hazijaisha," lakini kicheko hakikufika mbali. Mlangoni mwa jikoni alisimama Daphne, binti yake Elieshi, naye alikuwa na miaka kumi na sita. Alisema kwa Kiswidi, bila kuinua macho kutoka kwenye simu, kwamba mama yake sasa anagombana hata na televisheni. Elieshi alimtazama. Alikuwa amegundua kwamba kila Eulalia alipotokea kwenye kioo, macho ya Daphne yaliinuka. Siku ile hayakuinuka. Aliliona hilo pia, akaliweka moyoni, asijue alifanyie nini.

Maana hofu yake haikuanzia kwenye tamthilia. Mwezi wa kumi shule ilikuwa imewaita wazazi, na polisi mmoja kijana, mpole, akaonyesha picha ukutani na kueleza kwamba wauza unga siku hizi wanawatumia wasichana, kwa sababu wavulana wanapekuliwa sana. Wanawapa mifuko wawawekee nyumbani. Aliongea upesi kama anayewahi basi. Baadaye wakagawiwa kijitabu cha kurasa kumi na mbili, maandishi madogo. Elieshi alishika nusu ya yaliyosemwa, na nusu hiyo ilimtosha kumkosesha raha.

Tangu hapo Alhamisi, siku yake ya chumba cha kufulia nguo kule chini ya jengo, ikawa pia siku ya upekuzi. Kabla hajashusha nguo alipitia mifuko yote ya Daphne. Aliinua godoro. Aliingiza mkono ndani ya viatu mpaka kwenye vidole. Alinusa koti. Akiona rangi mpya ya kucha, aliuliza nani kaipaka na kwa nini. Hakuwahi kupata zaidi ya karatasi za peremende na barua moja ya mapenzi ambayo hata yeye, kwa Kiswidi chake, aliona imejaa makosa. Alimkataza Daphne kusimama na vijana pale kituo cha treni. Alitaka kuziona picha za kwenye simu. Kila mahali alipodhani uovu unaweza kupita, Elieshi alikuwa ameweka jicho.

Kabati la kwenye korido hakuliangalia, kwa sababu halikuwa la Daphne. Lilikuwa kabati la watu.

Hapa lazima jambo lielezwe, maana aliyeishi nyumbani kwake tu hawezi kulijua. Ukiishi Stockholm na mama yako yuko Moshi, Kisumu au Gitega, dawa zake za presha hazitafika kwa upepo. Unasubiri mtu anayesafiri. Unamwomba nafasi kwenye begi lake, kilo mbili, kilo tatu, na mpaka apatikane mzigo wako unahitaji mahali pa kulala. Kwa miaka tisa mahali hapo palikuwa kwa Elieshi. Alikaa karibu na treni, alikuwa na kabati refu, na hakuna kitu kilichowahi kupotea humo. Watu walileta mifuko, wakabandika utepe wa karatasi wenye jina la mpokeaji na mtaa wa aliyeuleta, wakanywa chai, wakaondoka. Hawakusema kuna nini ndani, na Elieshi hakuuliza. Kumuuliza mtu mzima amemfungia nini mama yake ni kumvua nguo. Ilikuwa heshima, na Elieshi aliona fahari kwamba heshima hiyo ilikuwa na anwani, na anwani ilikuwa ya kwake.

Jumatano moja mwezi wa tatu Wamaitha alikuja saa tisa alasiri na mizani ya mkononi. Bethuel, dereva wa basi kutoka Arusha, alikuwa anaruka Ijumaa na angelala Nairobi siku mbili, kwa hiyo mizigo ya Wakenya nayo ilikuwa imepata bahati. Waliitoa mifuko mmoja mmoja, wakaining'iniza kwenye ndoano, wakasoma kilo. Nyuma kabisa, chini ya blanketi la akiba, Wamaitha akavuta begi jeusi la michezo, zito, zipu zake mbili zimefungwa pamoja kwa kikufuli kidogo. Kwenye utepe paliandikwa: Mama Évode, Hagsätra.

"Huyu ni nani?" Wamaitha akauliza.

Elieshi akasema hajui, labda lililetwa akiwa kazini. Lakini Wamaitha alikuwa amesimama wima. Hagsätra aliishi yeye, miaka kumi na minne, na mtu wa Kiswahili asiyemjua Hagsätra alikuwa hajahamia bado. "Évode ninayemjua ni mmoja," alisema polepole. "Yule Mrundi fundi wa baiskeli. Ana miaka sitini na tatu, na mama yake alishazikwa."

Elieshi aliinama akausoma utepe upya. Safari hii hakuangalia jina, aliangalia mwandiko. Herufi zilikuwa za mviringo, zimelala upande mmoja, na alama ya juu ya herufi ya kwanza ya jina ilikuwa imewekwa kwa uangalifu wa mtoto aliyesomea shule nzuri. Mwandiko huo aliujua. Ulikuwa kwenye mlango wa friji, ukimkumbusha kununua maziwa.

Daphne aliporudi shule aliwakuta wamekaa kwenye korido, begi katikati yao. Hakuuliza ni nini. Alivua kofia, akakaa chini kwenye viatu vya watu, na rangi ikamtoka usoni. Ndipo Elieshi akajua. Wiki nzima angeweza kubishana na mwandiko, lakini uso ule hakuwa na la kubishana nao.

Maelezo yalitoka kwa Kiswidi, vipande vipande, na Wamaitha aliomba baadhi yarudiwe. Kulikuwa na msichana wa mwaka wa mwisho, mpole, mwenye nywele nzuri. Alikuja mlangoni mchana mmoja Elieshi akiwa kazini. Alisema analeta mzigo wa Mama Évode, na kwamba Mama Daphne anajua, ameshakubali. Shangazi yake msichana huyo aliwahi kuacha mizigo yake humohumo, kwa hiyo kabati alilijua. Alijua lilipo, alijua utepe wa karatasi unakaa droo gani. Daphne aliandika jina, akaliweka begi pamoja na mengine. Hilo lilikuwa kabla ya Jumamosi ile ya televisheni.

"Na hukuuliza lina nini?" Elieshi akasema.

Daphne akainua macho. "Wewe huwa unauliza?"

Alisema hilo kwa Kiswahili. Hakulisema kwa jeuri. Alitaka kweli kujua, na ndilo lililomkata Elieshi maini. Kwa miezi mitano alikuwa amempekua mtoto huyu mpaka kwenye soksi, na muda wote huo mtoto alikuwa anafanya alichomwona mama yake akifanya tangu akiwa na miaka saba: kupokea kwa adabu, kuandika jina, kufunga kabati.

Yaliyobaki yalikuwa mabaya zaidi. Wiki ya pili Daphne alianza kuogopa, kwa sababu hakuna aliyekuja kulichukua begi. Alimwandikia yule msichana aje. Jibu lilikuwa picha. Daphne akaifungua simu, akawaonyesha. Ilikuwa picha ya mlango wao kwa nje, kibao cha jina, zulia la kufutia miguu na mwavuli mwekundu wa Elieshi. Chini yake hapakuandikwa neno.

"Kwa nini hukuniambia?" Elieshi akauliza.

"Ulimzimia yule msichana televisheni," Daphne akasema. "Nikafikiri, mimi utanifanyaje."

Elieshi alitaka kusema kwamba hakumzimia msichana, aliwazimia wale waliomlilia Eulalia. Lakini aliona kwamba kutoka mlangoni mwa jikoni tofauti hiyo haikuonekana. Akainuka, akaenda jikoni, akarudi na kisu cha kukatia nyama. Wamaitha akamshika mkono, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba mzigo wa mtu haufunguliwi. Kisha akasikia alichokisema, akauachia mkono.

Kisu kilipasua kitambaa kando ya zipu. Ndani kulikuwa na blanketi la mtoto mchanga, la manjano, na ndani ya blanketi pakiti nne zilizozungushiwa utepe wa gundi wa kahawia, ngumu kama matofali. Elieshi alikaa sakafuni. Mara ngapi alikuwa amesimama pembeni ya televisheni akimtukana Eulalia, na Eulalia amelala nyuma yake, hatua sita, chini ya blanketi la akiba.

Wamaitha alikuwa wa kwanza kusema. Alishauri kwa haraka, kama mtu anayeona maji yakipanda. Lirudishwe kabatini, lishonwe, wenyewe waje walichukue, na mdomo ufungwe. Akiita polisi, ustawi wa jamii watakuja nyuma yao, na ustawi wa jamii wakishaona unga ndani ya nyumba ya mtoto, mtoto atalala kwa Waswidi kabla ya Ijumaa. Alitaja familia mbili zilizopata hayo. Kila mtu mjini alikuwa na familia mbili za kutaja. Elieshi alizijua zote, na hofu hiyo alikuwa nayo kabla Wamaitha hajafungua kinywa. Kumpoteza Daphne ndiyo ndoto mbaya iliyomwamsha tangu siku baba wa mtoto alipohamia Malmö na mke mwingine. Kazi, jina zuri, hata Sweden yenyewe angeweza kuviacha. Daphne hapana.

Akafikiri kwa sauti, kisu bado mkononi. Likirudi kabatini, litachukuliwa, na wiki ijayo litakuja jingine, na la tatu wataambiwa Daphne alipeleke mwenyewe. Likitupwa, wenye picha ya mlango watakuja kudai. Kila njia ambayo haikupita polisi iliishia kwa watu wale wakimmiliki mtoto wake. Kwa polisi angeweza kumpoteza. Kwa wale alikuwa ameshaanza kumpoteza.

"Napiga simu," alisema. "Mimi, kabla hawajaja wao."

Daphne akaanza kulia. Wamaitha akavaa koti, akauchukua mfuko wake wenye utepe wa mama yake kule Murang'a, na kuushika kifuani.

"Uweke chini, Mama Beverly," Elieshi akamwambia. "Hakuna mfuko unaotoka humu leo."

"Unanishuku mimi? Mimi?"

"Sijui. Ndiyo shida yenyewe. Ipo tisa humu na sijui hata mmoja."

Wamaitha aliuacha mfuko kwa kuudondosha. Alifunga mlango taratibu mno, na upole huo ulikuwa mbaya kuliko kama angeubamiza.

Walikuja polisi wawili, wamevaa kiraia, mwanamke na mwanamume. Walizipokea pakiti kwa glavu, wakachukua simu ya Daphne, wakauliza, wakaandika. Kisha yule mwanamke akaionyesha mifuko mingine akauliza ni ya nani. Ya watu, Elieshi akasema. Ina nini? Hajui. Na amekaa nayo muda gani? Mwingine tangu mwaka jana. Mwanamke yule hakumkemea. Alimtazama tu kwa huruma, kama mtu anavyotazama mtoto aliyechezea kiberiti, na Elieshi angeona nafuu kama angefokewa.

Wakaifungua yote pale sakafuni. Zikatoka khanga mbili na mafuta ya mgongo. Zikatoka nepi za mtu mzima, pakiti tatu, za baba wa mtu ambaye kanisani alimsifu baba yake kuwa bado anapanda mlima. Kikatoka kifaa cha kusikilizia kilichotumika, kimefungwa kwenye soksi. Viatu vya shule namba thelathini na moja, na ndani ya kila kiatu chokoleti. Kwenye mfuko wa Wamaitha kulikuwa na kipimo cha presha, sidiria mpya za mama yake, na picha ya Beverly, mwanawe, amevaa joho la kuhitimu. Hakukuwa na ubaya wowote. Elieshi aliona aibu za watu wake zote zimetandazwa kwenye korido, mbele ya wageni, na ubaya ulikuwa umekuja kujificha katikati yake kwa sababu palikuwa mahali pa heshima.

Habari zilifika kila mahali kabla ya saa mbili usiku. Simu yake haikupumzika. Mmoja alilalamika kwamba polisi sasa wana jina la mama yake. Mwingine alitaka kujua kwa nini hakumpigia yeye kwanza aje achukue chake. Bethuel alisema amesafiri miaka kumi na mbili bila doa, na sasa uwanja wa ndege atatazamwaje. Mtu mmoja, ambaye jina lake Elieshi hajalitamka tena, aliandika kwenye kundi la simu kwamba nyumba isiyo na baba huzaa mambo hayo. Elieshi alisikiliza jumbe zote, za sauti na za maandishi, akisubiri mtu aulize: mtoto yukoje? Hakuna aliyeuliza. Watu walewale walioguna kwa huruma wakimwona mwanamke wa gauni jeupe kwenye roshani. Alitupa simu kwenye kochi, akasema neno moja la Ximena, lile la kwanza kabisa alilofundishwa.

Jumamosi iliyofuata, saa nane, hakuja mtu. Alisikia baadaye kwamba walikutana kwa Wamaitha wakaitazama tamthilia bila mtafsiri, kila mmoja akibahatisha. Saa tisa kengele ililia, akachungulia kwenye tundu la mlango, akamwona Olivia. Olivia hakuuliza lolote. Alikaa kwenye zulia, akafungua kitambaa kichwani, akamwambia Daphne aje amsuke, mistari sita, na asivute sana mbele. Walikaa hivyo mpaka giza likaingia. Elieshi aliwatazama kutoka jikoni na kwa mara ya kwanza tangu Jumatano akalia.

Ustawi wa jamii waliwaita mara tatu. Mara ya pili walimpa mkalimani kwa njia ya simu, Mkenya mwenye sauti laini, na Elieshi akagundua kwamba kila alichosema kinatoka upande wa pili kimepigwa pasi. Aliposema "watu wabaya wanawinda watoto wetu," mkalimani alisema kwa Kiswidi kwamba mama ana wasiwasi kidogo kuhusu mazingira. Elieshi alimkatiza. "Kaka, usinipambie. Nikikasirika, kasirika na wewe." Baada ya hapo tafsiri ilinyooka.

Ofisa alikuwa mama wa umri wake, miwani kwenye kamba. Aliuliza nani alimzoesha Daphne kuhifadhi vitu asivyovijua. Elieshi alikuwa amejiandaa kwa swali hilo siku tisa, na majibu ya kujitetea alikuwa nayo, manne. Hakutumia hata moja.

"Mimi," alisema. "Nilimfundisha kwa kumwonyesha. Kosa hilo ni langu, liandike kwangu. Sasa na mimi niulize. Mlijua tangu mwezi wa kumi kwamba wanatumia wasichana. Mlitupa kijitabu. Kurasa kumi na mbili, kwa mama wa darasa la saba. Kwangu kulikuwa na wanawake sita kila Jumamosi, wamekaa, wanasikiliza. Mbona hakuja mtu hata mmoja kutuambia kwa mdomo?"

Mkalimani alilipitisha lote, hasira yake ndani. Ofisa alivua miwani, akaandika, na akasema ameandika. Elieshi alimwambia asome alichoandika, naye akasoma.

Kisha wakamtaka Elieshi atoke ili wazungumze na Daphne peke yake. Alikaa kwenye korido yao dakika hamsini akitazama mmea wa plastiki. Mlango ulipofunguliwa, Daphne alikuwa na macho mekundu lakini anatembea wima. Alikuwa ametaja kila kitu: jina la msichana, la anayemtuma, siku, saa. Kwa nini, hakueleza, na Elieshi hakuuliza.

Uamuzi ulikuja kwa barua mwishoni mwa mwezi wa nne. Elieshi aliisoma mwenyewe, kidole chini ya kila neno, kabla hajamruhusu Daphne kuishika. Abaki nyumbani. Ahamie shule nyingine, upande wa Akalla. Mfanyakazi wa ustawi awatembelee kila wiki mpaka vuli. Yule msichana wa mwaka wa mwisho alikuwa ameshakamatwa, na aliyemtuma alikuwa anatafutwa bado, kwa hiyo kitasa kilibadilishwa na polisi walipita mtaani mara kwa mara. Elieshi akaisoma barua tena tangu mwanzo, maana hakuliamini neno la kwanza mpaka alipolikuta mahali pake mara ya pili.

Bethuel alipiga simu wiki moja baada ya hapo. Alizunguka kwanza, akauliza kazi, akauliza baridi. Kisha akamweleza, kwa sauti ya kikao, kwamba wenzake wamekubaliana: kuanzia sasa mizigo haitawekwa tena kwake. Itawekwa Hagsätra, kwa Wamaitha. Alisema hivyo kama mtu anayetoa adhabu.

Elieshi akamuuliza kama huko Hagsätra itafunguliwa.

"Dada Elieshi," Bethuel akasema, "hebu niambie, utaanzaje kumfungulia mtu mzima mzigo wake?"

"Kwa kisu cha nyama, kaka. Mimi ndivyo nilivyoanza. Na kama kuna mtu ataona aibu, aone. Waambie nimesema hivyo, na uwaambie Daphne yuko nyumbani, kama kuna atakayeuliza."

Bethuel akauliza, taratibu, na bila sauti ya kikao, hali ya Daphne. Elieshi angeweza kumjibu kwa ukali. Maneno yalikuwa yamejaa kinywani. Lakini ilikuwa saa tisa na dakika ishirini, na kwenye ngazi alisikia hatua anazozijua. Akamwambia ampigie jioni amuulize mwenyewe, akaiweka simu chini, akaenda kufungua kitasa kipya.